Kufuata maji ya Kivu hadi Uvira

Niliondoka Goma, mashariki ya Kongo, Mei 2024, mvua zikielekea kwisha, miezi kadhaa kabla vita havijaingia mjini kwetu. Nilitaka kufuata maji. Ziwa Kivu, ambalo sisi wa Goma tunaliona kila tunapotazama kusini, lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Bukavu. Hapo unaanzia mto Ruzizi, ambao hushuka karibu mita 700 katika mwendo wa kilomita 117 hivi mpaka Ziwa Tanganyika, kando ya Uvira. Siku zile Uvira ilikuwa inaliwa na ziwa. Ndugu zetu wa huko walikuwa wakituma picha za vitanda vilivyowekwa juu ya matofali na za watoto wakienda shule kwa mtumbwi. Sisi watu wa Goma hofu yetu ni moto: 2002 na 2021 Nyiragongo ilitufukuza majumbani. Hofu ya maji sikuwa naijua vizuri, na niliona ni lazima nikaijue.

Boti ya mchana hupita kati ya kisiwa cha Idjwi na milima ya Kalehe. Nilipata nafasi kwenye benchi la nje, karibu na mama mmoja mchuuzi aliyekuwa anapeleka magunia ya maharage soko la Kadutu, Bukavu. Tulizungumza bei, barabara, vizuizi, mambo ya kila siku. Tulipofika mkabala na Nyamukubi alinyamaza, kisha akanyoosha mkono. Mlimani palikuwa na kovu refu la udongo mtupu, lililoshuka karibu kugusa maji.

Alhamisi ya tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa siku ya soko pale. Mvua ilinyesha juu milimani, mito ikashuka na mawe na magogo, na kabla ya usiku Nyamukubi na jirani yake Bushushu zilikuwa zimefagiliwa. Waliozikwa walizidi 400, na wengi wengine hawakupatikana tena. Mama yule ni mwenyeji wa huko. Hakulia wala hakuinua sauti.

“Walituambia tusijenge tena pale,” alisema. “Ni sawa, mahali pale ni pabaya. Lakini shamba liko juu, soko liko chini, na mahali pa kwenda hakuna aliyetutajia.”

Maneno hayo niliyachukua mpaka mwisho wa safari, maana kila nilikofika niliyasikia tena kwa vinywa vingine. Kila mahali watu wameambiwa tokeni. Sikukutana na hata mmoja aliyeambiwa njooni hapa.

Bukavu ukiitazama kutoka majini ni mji mzuri sana. Ndimi tano za ardhi zimeingia ziwani, na juu yake kuna miti mirefu na nyumba za ghorofa. Boti inapokaribia unaanza kuona kuta: mawe na zege vimejengwa mpaka ndani ya maji, na penye nafasi kuna gati la mtu binafsi. Kisheria ukingo wa ziwa ni mali ya umma. Hata hivyo kila mwaka kuna mtu anayemwaga kifusi majini ili ajiongezee uwanja, na mvuvi wa sambaza, samaki wadogo wa Kivu, anakosa pa kuegesha mtumbwi wake.

Shangazi yangu haishi kwenye ndimi hizo. Anaishi Kadutu, kwenye mteremko, chini ya korongo linalopanuka kila msimu. Watu husema wakaaji wa milimani wamejenga kiholela, na neno hilo linaniuma kwa sababu linasahau historia. Wakati mji huu ulipoitwa Costermansville, ndimi za ziwani zilikuwa za Wazungu, na Waafrika walipangiwa Kadutu na Bagira. Vita vya 1996 na 1998, na vile vilivyofuata, vilisukuma vijiji vizima kuja kutafuta usalama mjini, na mji ukapita watu milioni moja bila eneo jipya kufunguliwa kwa ajili yao. Mkimbizi hakuchagua mteremko. Mteremko ndio uliokuwa umebaki.

Mvua kubwa ikinyesha usiku, Shangazi huamka, huvaa, hufunga vyeti vya watoto ndani ya mfuko wa plastiki, kisha huketi kwenye kiti karibu na mlango mpaka inyamaze. Ndivyo nilivyomkuta alfajiri ya kwanza niliyolala kwake. Nyumba ya jirani yake ilikuwa imechorwa msalaba mwekundu ukutani, maana yake ibomolewe.

“Mwanangu, msalaba walichora,” aliniambia. “Bei ya parsele, kiwanja cha kuhamia, hawakuichora.”

Sipingi watu kuhamishwa. Korongo lile nimelitazama kwa macho yangu, na nisingependa mtoto alale chini yake usiku mwingine hata mmoja. Ninachopinga ni utaratibu wa kazi. Maji yanayokula Kadutu hayaanzii Kadutu. Yanatoka kwenye mabati na barabara za juu ambako mitaro imeziba au haikuchimbwa kamwe, yanakusanyika, halafu yanamwangukia wa chini. Kuchimba mitaro ya juu, kupanda mianzi na miti kwenye kingo za makorongo, na kuurudisha wazi ukingo wa ziwa uliozibwa na wenye uwezo ni kazi ambazo zingetangulia msalaba mwekundu. Anayeanza kutolewa ni yule asiye na wakili.

Kabla ya kuondoka nilishuka mpaka mahali Ruzizi inapoanzia. Maji ya kijani yanatoka ziwani kwa utulivu, na juu yake zinaelea chupa za plastiki, viatu, mifuko. Takataka hizo ni za makorongo yaleyale ya mlimani. Mvua inazisukuma ziwani, ziwa linazileta hapa, na zinakwama kwenye mitambo ya bwawa la umeme la Ruzizi ya kwanza, ambalo limekuwepo tangu mwisho wa miaka ya 1950. Mji usiozolewa taka unakatiwa umeme na taka zake. Na maji yakishapita hapo, yanakwenda kwa watu wengine.

Njia ya kwenda Uvira hupita milima ya Ngomo, na sitaisimulia sana. Inatosha kusema kwamba upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili ni shimo, na abiria wote hunyamaza. Kamanyola hewa inabadilika ghafla, unavua koti. Kisha ni bonde la Ruzizi: Luvungi, Sange, Kiliba na mashamba yake ya miwa, joto na vumbi, ng'ombe barabarani. Ardhi ni tambarare na pana. Nilijiuliza kwa nini watu wa Uvira wasihamie huku. Swali hilo lilijibiwa kesho yake.

Uvira ni mji mwembamba na mrefu. Nyuma yake milima imesimama, mbele yake ziwa, na katikati watu wamebanana. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika kutoka milimani, ukaua watu kadhaa na kuacha maelfu bila nyumba. Wakati huohuo ziwa nalo lilikuwa linapanda. Mwaka 2024 lilipanda tena. Nilitembea kwenye avenyu, yaani mtaa, ambayo katikati yake inakatika na kuwa maji, na paa za nyumba zinaendelea mbele zikiwa zimesimama ziwani. Watu walinionya nisikae ukingoni jioni kwa sababu viboko hupanda mpaka uani.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona nyavu kwenye kibaraza cha nyumba isiyo yake. Nilimsalimu, nikaketi.

“Mzee, ziwa limewahi kufika hapa?”

“Mwaka wa Mulele lilifika,” alijibu bila kusita. “Ila wakati ule hapa palikuwa matete na mihogo. Hapakuwa na watu.”

Mwaka wa Mulele, yaani wa uasi uliopewa jina la Pierre Mulele, ni 1964, na kumbukumbu yake ni sahihi: mwaka huo maziwa makubwa ya ukanda wetu yalijaa, Victoria na Tanganyika. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaotoka, Lukuga, kule Kalemie. Maji yake mengi huondoka kwa kugeuka mvuke. Kwa hiyo mvua nyingi za mwaka mmoja hazitoki upesi, na zikifuatwa na nyingine, ziwa hupanda juu ya lilipokuwa. Mwisho wa 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto upande wetu kuliko kawaida na mvua ikamwagika Afrika Mashariki nzima. Mei 2020 Ziwa Victoria lilivuka rekodi yake ya 1964. Maziwa yamekuwa yakipanda na kushuka tangu zamani, na mzee anajua hilo. Lakini hewa ikipata joto la nyuzi moja zaidi huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7, na mvuke huo ukishuka, hushuka kwa nguvu. Mama anayepika kwa makaa Uvira hakuwasha joto hilo. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa tabianchi huko Sharm el-Sheikh, nchi zilikubaliana kuanzisha mfuko wa kusaidia wanaopata hasara na uharibifu wa aina hii. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza pesa hizo zikija zitapita kwa nani.

Sikuwa na jibu kwake, lakini mama mmoja muuza ndagala, yaani dagaa, aliyekuwa karibu alilidaka swali. Mwaka 2020 Mulongwe ulibomoa nyumba aliyokuwa amepanga. Alikwenda kupanga ukingoni kwa sababu kodi ilikuwa rahisi, ziwa likamtoa. Maji yaliposhuka alirudi. Mwaka 2024 yalimtoa tena. Kila mara watu walikuja kuandika majina ya waathirika, na kila mara waliandika jina la mwenye nyumba.

“Mimi si mtu wa Uvira kwenye karatasi,” alisema. “Vyombo vyangu ndivyo vilivyokwenda na maji.”

Nikamuuliza kuhusu bonde, zile ardhi pana nilizoziona. Alinitazama kwa upole. Ndagala hushuka bandarini Kalundu na kwenye fukwe za jirani kabla ya jua kutoka. Asiyekuwepo na beseni lake saa hiyo ananunua kwa bei ya juu au anarudi mikono mitupu. Kutoka bondeni angelipa pikipiki faida yote, na ardhi yenyewe ina wenyewe.

Dar es Salaam ilishapitia hili. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Lilikuwa jambo jema kuliko kufukuza watu bila kitu, lakini kazi zilibaki mjini, na wapo waliorudi bondeni. Lagos walifanya lililo baya zaidi: ukuta mrefu wa mawe wa kuzuia bahari ulijengwa kulinda mtaa mpya wa kifahari wa Eko Atlantic, na katika mji huohuo, Julai 2012, nyumba za wavuvi wa Makoko zilibomolewa. Miji ile ina bahari na fedha kutuzidi, na bado mzigo ulimwangukia mchuuzi na mvuvi. Uvira haina sababu ya kuanza na kosa hilohilo.

Siku mbili baadaye niliruhusiwa kuketi kwenye mkutano wa avenyu, chini ya mwembe. Shefu wa avenyu alikuwa na daftari. Wengi walikubali kuhama. Hilo lilinishangaza, maana wenye ofisi husema watu hawa ni wabishi. Walitaka wapangaji waandikwe kwa majina yao. Walitaka viwanja vyenye hati, umbali ambao mwanamke mwenye beseni anaweza kuutembea. Walitaka mito ya mlimani ijengewe kingo za mawe na vijana wa hapahapa wapewe kazi hiyo kwa malipo. Halafu motari mmoja kijana, mwendesha pikipiki, akasimama nyuma, akauliza: sisi tukiondoka ukingoni, nani atakaa hapo maji yakishuka? Alisema mahali pengine aliona watu wametolewa kwa ajili ya usalama, na baadaye hoteli ikaota.

Kelele zilikuwa nyingi. Shefu alisubiri zipungue, akafungua ukurasa mpya na kuliandika swali la kijana juu kabisa, kabla ya mengine yote. Barua ilipelekwa ofisini asubuhi iliyofuata ikiwa na sahihi na alama za vidole, za wapangaji zikiwa zimetangulia za wenye nyumba.