Mwanangu Alitembea Mapema, Maneno Yakachelewa

Mwanangu wa kwanza alisimama peke yake akiwa na miezi 9, na alipotimiza 10 alikuwa akizunguka ukumbi wetu hapa Langoni, Lamu, bila kushika ukuta. Kila aliyeingia nyumbani alimsifu, nami nikavimba kichwa. Mstari wa uzito katika Kijitabu cha Mama na Mtoto ulipanda mwezi baada ya mwezi, na kila niliporudi kutoka kliniki nilirudi na jibu lile lile, kwamba mtoto anakua vizuri. Sikutambua kwamba mstari ule hupima uzito tu, wala hausemi lolote juu ya ulimi na masikio.

Alipofika miezi 22 alikuwa na maneno matatu: mama, baba na mai. (Muuguzi mmoja kutoka bara aliandika kwamba mtoto hawezi kutamka maji, ilinibidi nimweleze kwamba sisi Waamu husema mai, na kwamba katika maneno yake yote hilo ndilo alilolitamka sawasawa.) Mavyaa wangu alinituliza kwamba wanaume wa ukoo wao wote huchelewa kusema. Sikumpinga, kwa kumstahi na pia kwa kuwa nilitaka maneno yake yawe kweli.

Jioni moja alikuwa barazani amenipa kisogo, akipanga vifuu vya nazi, kidogo ndani ya kikubwa. Nilimwita kutoka mlangoni kwa sauti ya kawaida, "Ndoo, mwanangu," yaani njoo. Mtoto wa jirani, ambaye hakuitwa, aligeuka, wangu hakugeuka. Nilirudia mara mbili na hali ikawa ile ile. Kisha punda aliyebeba mchanga akalia kichochoroni, naye akashtuka na kuvimwaga vifuu. Hapo nikaelewa kilichotupoteza muda wote ule: kwa kuwa alishtushwa na punda na adhana, hakuna aliyeyashuku masikio yake, kumbe kusikia kishindo na kusikia maneno ya mtu anayezungumza kwa sauti ya kawaida si jambo moja.

Usiku ule nilichukua daftari la shule nikaligawa sehemu nne: mwili, akili, lugha, na jinsi anavyoishi na watu. Kwa wiki mbili niliandika niliyoyaona kwa macho yangu, si niliyoyatarajia. Ukurasa wa mwili ulijaa upesi. Wa akili nao haukuwa na kasoro, kwa maana aliweza kuburuta kigoda hadi chini ya rafu, akapanda na kuchukua tende alizofichwa. Ukurasa uliofuata ulikuwa mweupe karibu wote, na huo mweupe ndio ulionieleza ukurasa wa nne, ambao ulijaa visa vya kusukuma na kuuma wenzake. Tulikuwa tukimwita mtundu na kumkaripia, ilhali mtoto asiyekuwa na neno la kusema "hicho ni changu" hubakiwa na mikono na meno.

Kliniki niliyoiendea kwanza walimpima uzito wakaniambia nisiwe na wasiwasi. Nilirudi wiki iliyofuata na daftari, nikaomba lisomwe. Afisa wa kliniki alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akatuandikia barua ya kwenda kwa daktari wa masikio Mombasa. Tulivuka kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi, na mtoto alilala njia nzima.

Daktari aligundua maji yaliyotuama nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, jambo linalowapata watoto wengi baada ya mafua ya mara kwa mara. Halina homa wala maumivu makali, ndiyo maana hupita bila kuonekana. Alisema mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe, akatutaka tungoje miezi 3 kisha apimwe tena.

Miezi hiyo sikuikalia bure. Nilizima televisheni mchana, nikajizoesha kuchutama nikamtazama usoni kabla ya kusema naye, na kutaja kile anachokitazama yeye badala ya kile ninachotaka atazame mimi. Kilichonishinda zaidi ni kungoja, kwa sababu mtu hutamani kumjibia mtoto. Tuliifanya kazi hii hasa nikiwa juu ya mbuzi nikikuna nazi, yeye mbele yangu. Nilikamua, nikasema "tui", nikanyamaza. Siku nyingi alichovya kidole akalamba, basi. Siku moja akasema "wi", akanitazama kuona kama nimesikia.

Tuliporudi Mombasa masikio yalikuwa makavu. Alipofika miaka miwili na nusu alikuwa akiunga maneno mawili, "leta mai", na kuuma kukapungua bila ya sisi kuongeza ukali.

Sasa ana miaka minne, na daftari limehamia kwa mdogo wake, ambaye amekwenda kinyume kabisa. Binti huyu ana miezi 14, maneno yake nimeacha kuyahesabu, lakini hajatembea, wala hakutambaa kwa magoti. Alijiburuta kwa makalio. Mavyaa wangu amekwisha kuulizia mafuta ya kumkanda miguu. Mimi nimemwonyesha vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, ambavyo vinaonyesha kwamba watoto wenye afya huanza kutembea kati ya miezi 8 na karibu 18, na kwamba wachache huruka hatua ya kutambaa. Nilipomtajia kwamba watoto wa Oman walikuwa miongoni mwa waliopimwa, alitikisa kichwa kwa kuridhika kidogo. Mafuta tutamkanda, hayana madhara. Atakapopelekwa kwa chanjo ya surua ya miezi 18, ikiwa bado hajatembea, daftari nitakwenda nalo.