Mtori Uliomwagwa Maji Mara Mbili

Krismasi iliyopita, katika nyumba ya Watanzania wenzetu hapa Houston, kaka mmoja tunayefahamiana kwa miaka mingi aliniona nikipita sufuria ya mtori, ile supu yetu ya ndizi na nyama, bila kujipakulia, akasema kwa sauti iliyosikika hadi sebuleni, "Wewe ni Mchaga gani unayeogopa ndizi? Marekani imekuharibu." Watu wakacheka. Nilinyamaza, kwa kuwa mbele ya watoto na wageni si mahali pa kusimulia majibu ya maabara, lakini maneno yale yaliniuma na hadi leo yananiuma.

Nina ugonjwa sugu wa figo, hatua ya tatu. Kipimo cha figo zangu kuchuja damu kilikuwa 38, na hatua hiyo huhesabiwa kuanzia 59 kushuka hadi 30. Chini ya 15 huitwa figo kushindwa kazi. Potasiamu yangu, madini ya kwenye damu ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, ilikuwa 5.4, juu ya kawaida, na daktari alinieleza bila kuficha kwamba ikiendelea kupanda inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi moyo usimame. Ndizi za kupika zina potasiamu nyingi, na mtori, kama kila aliyelelewa Moshi anavyojua, hupondwa ndani ya mchuzi wake wenyewe. Hakuna tone linalomwagwa, kwa hiyo potasiamu iliyotoka kwenye ndizi hubaki humo humo. Ninajua pia kwamba kwetu Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani, mbuzi huchinjwa, na anayekataa chakula huonekana amemkataa aliyekipika. Kwa hiyo si kwamba nimesahau adabu. Nilisimama pale nikichagua kati ya adabu na moyo wangu.

Karatasi ya lishe niliyopewa kliniki iliandikwa kwa ajili ya meza ya Wamarekani. Humo hamna ndizi za kupika, mchicha wa nazi, wala maharage tunayoyajua sisi. Hata bata mzinga wao nilimkuta na mtego wake: wengi wanaouzwa wakiwa wamegandishwa wamekwisha kudungwa maji yenye chumvi, na jambo hilo huandikwa kwa herufi ndogo kwenye mfuko. Mimi natakiwa nisifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, tena ukihesabu na ile iliyomo kwenye mkate na soseji. Ndiyo maana siku hizi nanunua mbuzi kwenye bucha ya Waislamu, nyama mbichi isiyodungwa kitu, nami najipimia kipande kisichozidi kiganja.

Pilau sikuiacha, na hili nalisema kwa fahari. Bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, tangawizi na kitunguu saumu havihitaji chumvi ili vinukie, na ndimu ikikamuliwa juu ya kachumbari ya kabichi hufanya kazi kubwa kuliko kijiko cha chumvi. Chumvi imejaa katika vile viungo vya pakiti na vipande vya supu tulivyozoea kutumbukiza katika kila sufuria, kana kwamba bibi zetu hawakuwahi kupika pilau kabla havijaletwa. Ila msikimbilie chumvi mbadala ya dukani: nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, na kwa mtu kama mimi ni hatari kuliko chumvi yenyewe.

Ninyi mnaojiandaa kuja huku, pimeni shinikizo la damu, mkojo na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kabla ya kukata tiketi, wala msijaze begi diklofenaki ya kutuliza mgongo baada ya zamu mbili, kwani dawa hiyo ya maumivu huweza kuumiza figo. Mimi niliimeza miaka mingi huku shinikizo likipanda, bila bima na bila daktari. Mkipata kazi, ulizeni habari za bima kabla ya kuuliza mshahara. Tena msiige sahani yangu: ambaye potasiamu yake iko sawa hana sababu ya kukimbia ndizi, na anayesafishwa damu kwa mashine huhitaji nyama au mayai zaidi yangu, kwa sababu mashine humpunguzia protini.

Jioni ile, kicheko kilipokwisha, mama mwenye nyumba alinishika mkono akanipeleka jikoni. Juu ya jiko kulikuwa na kisufuria kidogo kilichofunikwa sahani. Siku mbili kabla alikuwa amempigia simu mke wangu na kuandika kila alichoambiwa nyuma ya bahasha, ambayo bado ilikuwa pale kando ya jiko ikiwa na doa la mafuta: ndizi zimenywe, zikatwe nyembamba, zichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, zichemshwe tena, yamwagwe tena, ndipo ziingie kwenye supu ya mbuzi isiyotiwa chumvi. "Nimeonja," aliniambia, "umepungua utamu kidogo, baba, lakini ni mtori." Akanipakulia nusu bakuli. Nilikula nimesimama palepale jikoni, na ilinibidi niutazame ukuta kwanza kabla ya kumshukuru.

Juzi amenipigia kuuliza kama na viazi vya mwaka huu avimwage maji mara mbili.