Siku moja maishani mwangu: mlinzi wa picha kwenye sakafu yenye matuta

Saa 2 asubuhi natoka Floridsdorf, nabadilisha treni Spittelau. Hapo kuna bomba la moshi lenye tufe la dhahabu, wageni hudhani ni kasri la mfalme. Ni tanuri la kuchoma taka za jiji la Vienna. Liliungua 1987, msanii wa Austria, Hundertwasser, akapewa kazi ya kulivisha upya.

Saa 4 tunafungua Kunst Haus Wien, jumba lake la sanaa. Kwetu Tanga wanasema nalipwa kutazama picha. Waje wasimame kutwa juu ya sakafu ya vilima na mabonde! Bwana huyu aliuchukia mstari ulionyooka, hata chini ya nyayo za watu.

Mpaka saa 7 ni usiguse, choo kiko kule, hapana, nyumba yenye miti madirishani ni ile nyingine, ya 1985, tembea dakika chache.

Saa 7 na robo akaingia mzee mmoja na mkewe. Akailaza simu sakafuni, akapima usawa. "Fundi aliwaibia," akaniambia. Nikamweleza ni makusudi. Akasogea hatua mbili, akapiga magoti, akapima tena. Nusu saa nzima! Wageni wakawa wanamruka. Alipochoka na sakafu akahamia kwa Hundertwasser mwenyewe: huyu alikuwa mchoraji au msanifu majengo? Mtu achague moja.

Nikamhesabia. Picha za duara zinazojizungusha kama konokono. Stempu za Senegal na Cape Verde. Bendera aliyoipendekezea New Zealand. Majengo. Na vyoo vya umma vya Kawakawa, hukohuko New Zealand, 1999, mwaka mmoja kabla hajafa.

"Vyoo?"

"Vyoo, mzee wangu. Watu husafiri kwenda kuvipiga picha."

Akageuka kumtafuta mkewe ashuhudie. Mama wa watu alikuwa ameshavua viatu, amesimama juu ya tuta na soksi zake za kijivu, anakunja vidole na kuvikunjua, macho kayafumba. Nilipaswa kumwambia avae. Sikumwambia.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Kundi la wanafunzi, mtoto akatapika, ndoo, kiuno. Tulipofunga kulikuwa giza. Nje, kwenye lami tambarare, mguu wangu ukainuka kutafuta tuta lisilokuwepo, nikajikwaa peke yangu.