Kitovu cha mwanangu

Kitovu cha mwanangu kilidondoka vizuri, kisha kikaanza kuvuja damu. Si nyingi, doa tu kwenye kila kanga niliyomfunga. Mama mkwe akasema ni zongo. Hospitali wakapima muda wa damu kuganda, majibu: kawaida. Tukarudishwa nyumbani.

Kumbe kipimo kile hakioni upungufu wa fakta 13, protini inayokaza bonge la damu. Damu inaganda kwa wakati wake, ila bonge ni legelege, linavunjika baadaye. Daktari mmoja, mama wa makamo, ndiye aliyeuliza: "Wewe na mumeo ni ndugu?" Ndiyo, baba zetu ni ndugu. Kumbe upungufu huu mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili. Akaagiza bonge litiwe kwenye urea, kemikali inayoyeyusha bonge legelege. La mwanangu liliyeyuka lote. La mtu mzima mwenye afya, kwenye kichupa cha pili, likabaki.

Sasa kila mwezi anatundikiwa kriyo, sehemu ya damu yenye fakta 13, inayotengenezwa kwa damu ya wachangiaji (Mungu awalipe). Fakta 13 hukaa mwilini siku nyingi kuliko fakta 8 wanayopewa wenye hemofilia (ugonjwa mwingine wa damu kutoganda), kwa hiyo mwezi unafika. Tunachokiogopa ni damu kuvuja kichwani. Akijigonga kichwa, hata akiamka anacheka, safari ni hospitali. Na aspirini, kwa kuwa huzidisha kuvuja damu, haiingii nyumbani mwangu.