Rangi za injini ya Beetle: pa kupaka na pa kuacha

Mwambie fundi wa Kirinyaga Road akupakie rangi injini ya Beetle, yaani Volkswagen kobe, naye atakuuliza swali moja: silva au nyeusi? Ukimjibu, anapuliza kila kitu kwa mkupuo mmoja, kuanzia mabati ya feni hadi ekzosi. Inapendeza wiki ya kwanza. Lakini injini hii haina rejeta ya maji; inapozwa na upepo wa feni na oili yake. Nairobi nayo iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na hubeba joto kidogo kuliko ya Mombasa. Kwenye sehemu za moto, unene wa rangi ni muhimu kuliko rangi unayoichagua.

Silinda ni chuma cha kusubu, na zikioshwa zikaachwa wazi hushika kutu upesi. Zisugue kwa brashi ya waya, zipanguse kwa tina, kisha puliza nyeusi ya joto kali, tabaka moja jembamba ambalo bado linaonyesha chembechembe za chuma. Ikijaa katikati ya mapezi (zile mbavu nyembamba za silinda zinazotoa joto), umeivalisha injini sweta. Funika kwa tepu pale silinda inapokaa kwenye kesi (ganda la injini) na inapokutana na hedi (kifuniko cha juu ya silinda). Rangi iliyobanwa hapo husagika kwa joto, stadi (boliti ndefu zinazobana hedi na silinda) zinalegea, na oili au kompresheni inaanza kuvuja. Hedi ni alumini: ziache hivyo hivyo. Kesi pia iache, isafishe tu.

Mabati ndiyo uwanja wa kujichagulia. Nyeusi ya kung'aa ndiyo inayofanana na ya kiwandani kwa injini nyingi za cc 1200 hadi 1600, na haionyeshi uchafu wa oili haraka. Rangi ya bodi kwenye bati la feni ni sawa pia. Kromu mimi siipendi: inakwaruzika, na kutu ikianza chini yake hakuna msasa utakaoiokoa. Msasa namba 120, kisha 320, praima, halafu tabaka 2 au 3 nyepesi. Tumia 2K, rangi ya kuchanganywa na hadena (kigumisho), maana petroli ikidondoka kutoka kwa kabureta hula rangi ya kawaida hadi bati. 2K ipulizwe mahali penye hewa, na barakoa ya kemikali. Kitambaa puani hakizuii kitu.

Ndani ya bati la feni, paka kidogo sana au usipake. Rangi ikibanduka humo, feni huipeleka moja kwa moja kwenye kipoza oili na kuziba njia. Feni yenyewe usiiguse, isije ikapoteza balansi.

Ekzosi inataka rangi ya 600°C au zaidi, bila praima ya kawaida chini yake. Huiva kwa moto: washa dakika 10, izime ipoe kabisa, kisha 20, kisha 30. Ukikimbilia Thika Road siku hiyo hiyo, inatoa malengelenge.

Gari likikataa kuwaka baada ya kazi yote hii, tazama kwanza mguu wa distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi), pale unapokaa kwenye injini. Plati, swichi ndogo iliyo ndani yake, zinapata ethi (njia ya umeme kurudi) kupitia chuma kwa chuma, na rangi hapo hukata njia. Kwaruza. Kisha chukua brashi ndogo, weka nyeupe kwenye alama ya taimingi (wakati wa cheche) ya puli, ionekane kwa taa.