Leo nimemtazama Askari vizuri

Nimetoka Posta sasa hivi. Nilikuwa na nafasi kidogo kabla ya miadi, nikasogea hadi kwenye kipilefti cha Samora, hapa Dar es Salaam, kumtazama Askari, ile sanamu ya shaba.

Yuko pale tangu 1927, kumbukumbu ya Waafrika waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia huku kwetu.

Ameinamia mbele, bunduki mikononi, singe imeelekea bandarini. Mchongaji alikuwa Mwingereza, James Alexander Stevenson, na kazi yake ni nzuri kwelikweli. Shaba ile ina haraka!

Ila kilichonishika ni maandishi ya chini. Kuna Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Yanawataja wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Nimeyasoma mara mbili, koo likanikaba. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa.

Lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Mpagazi ningependa awe juu pale pale, na mzigo wake kichwani.

Jamani, kuna ambaye kwao inasimuliwa habari ya babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita ile? Niandikieni hapa, hata kama ni jina tu.