Risiti ya Kaboni

Mshale wa joto la injini ulipanda, gari likiwa na kilomita 41,000, hata mwaka wa pili haujaisha. Waranti ilikuwa ya miaka 3 au kilomita 100,000, kimojawapo kikitangulia, kwa hiyo sikuhangaika. Nilizima injini, nikaita gari la kuvuta, tukaenda moja kwa moja kwa walioniuzia.

Fundi wao alimulika tochi kwenye pampu ya maji. Chini yake kuna kitundu. Sili ya ndani, ile inayozuia maji yasivuje, ikichoka, maji hupenyea hapo. Kilikuwa kimezungukwa na ukoko wa waridi wa kulanti, yale maji ya kupozea injini. "Sili imekufa," akasema. Dakika 10 baadaye kijana wa mapokezi akaniambia waranti nayo imekufa: sevisi ya kilomita 30,000 niliifanyia nje.

Nilifoka, nakiri. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri alikunja gazeti lake asikilize vizuri. Hakuna kilichobadilika.

Nikaenda kutoa risiti kwenye dashibodi. Zile za mashine zilikuwa zimefifia kwa joto, nyeupe pe. Iliyosalimika ni moja tu, ya yule fundi wangu niliyezoea kumcheka kwa kitabu chake cha kaboni: oili 5W-30, filta, kilomita 30,112, tarehe, sahihi.

"Oili na filta vimeuaje sili ya pampu?" nikamuuliza yule kijana, sasa kwa sauti ya chini.

"Ndiyo utaratibu wetu, kaka."

"Sawa. Basi niandikie kwamba mmekataa, na kifungu cha kijitabu cha waranti kinachosema hivyo. Nitawapelekea waliolitengeneza."

Kalamu hakuigusa. Aliingia ndani, akatoka na meneja, tabasamu hadi masikioni. Tukafungua kijitabu pamoja. Kilitaka sevisi ifanywe kwa wakati, kwa oili ya kiwango kilichotajwa. Pa kuifanyia hapakutajwa.

Pampu waliibadilisha bure. Kulanti nililipa, na gari la kuvuta pia. Nilikuwa nimechoka kubishana. Nilipoomba ile pampu ya zamani wakakataa, eti mtengenezaji huenda akaitaka aikague. Ndipo nikaelewa hofu yao: wao hutengeneza kwanza, kisha hudai malipo kwake, na dai likikataliwa hasara ni yao. Wangeniambia hivyo tangu mwanzo, ningefoka kidogo tu.

Nikiwasha gari, kijana akainama dirishani. "Kaka, sevisi ya 50,000 usiisahau. Tuletee sisi."

Risiti ya kaboni ilikuwa mfukoni mwa shati. Kwenye dashibodi sikuirudisha tena.